TAA INAYOPEPESA SI JAMBO DOGO



Katika mikutano ya matawi tunasikia malalamiko ya mshahara, ya nyumba zinazovuja, na ya mizani inayopunguza uzito wa majani. Mara chache tunamsikia mfanyakazi akisimama kulalamikia taa. Taa ikipepesa, siku ya kwanza watu wanasema, siku ya pili wanacheka, siku ya tatu wameizoea. Leo tunataka kuzungumza juu ya taa hizo za tyubu zilizomo viwandani na katika karakana zetu. Tunaandika kwa Kiswahili kwa sababu katika kiwanda kimoja cha chai utamkuta Mkiga, Mtooro, Mlugbara na mtu aliyetoka Rwanda au Kongo, na mambo ya usalama lazima yafahamike kwa wote.

Tuanze na jambo lililotukuta. Katika kiwanda kimoja cha chai magharibi mwa Uganda, mwenzetu wa zamu ya usiku alipoteza vidole viwili katika feni ya kunyaushia majani. Kinga ya feni ilikuwa imetolewa na haikurudishwa. Hilo peke yake lilikuwa kosa. Lakini mwenzetu alisema neno moja ambalo wakubwa hawakutaka kulisikia: "Niliyaona mabawa yamesimama." Feni nyingine zilikuwa zikinguruma, kwa hiyo masikio hayakumsaidia. Katika taarifa ya ajali waliandika "uzembe". Sisi wa chama tuliomba kuingia usiku, tukasimama pale pale, tukatazama. Mabawa yalionekana kama yanajongea polepole tu, kumbe yanakwenda kasi. Mwenzetu hakusema uongo. Ni taa iliyomdanganya.

Taa hii inafanyaje kazi?

Ndani ya tyubu mna gesi kidogo na zebaki kidogo. Kila ncha ina uzi wa waya. Kioo kimepakwa poda nyeupe kwa ndani. Ukiwasha swichi, kitu kidogo kama kikopo, kiitwacho stata, kinapitisha umeme katika nyuzi zile ili zipate moto. Kisha stata inaachia. Hapo choki, yaani lile pande zito la chuma na waya lililomo ndani ya fitingi, linatoa msukumo mkubwa wa umeme, na gesi inawaka. Tangu hapo kazi ya choki ni kuzuia umeme usipite kwa wingi ukaharibu tyubu. Mvuke wa zebaki unatoa mwanga ambao jicho haliuoni, na ile poda inaugeuza kuwa mwanga mweupe.

Umeme wetu unabadilika mizunguko 50 kwa sekunde. Kwa hiyo tyubu yenye choki ya chuma inang'aa na kufifia mara 100 kila sekunde. Jicho halitambui. Sasa fikiri feni yenye mabawa manne, inayozunguka mara 1500 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 25 kwa sekunde. Zidisha kwa mabawa manne: kila sekunde bawa linapita mahali pale pale mara 100. Kila taa inapong'aa, bawa lingine limefika mahali pa lile la kwanza. Macho yanaona feni iliyosimama. Mota ikipungua mwendo kidogo, feni inaonekana kama inarudi nyuma polepole. Mashine ya kukereza chuma yenye meno manne ya kushikia inaweza kukudanganya namna hiyo hiyo.

Mtu anaweza kupima bila chombo chochote. Simama mbali na mashine, shika penseli, uitikise upesi chini ya taa. Ukiona penseli nyingi zilizokatika-katika, mwanga ule unapiga. Ukiona ukungu mmoja laini, mwanga umetulia.

Magonjwa ya taa na dawa zake

Hatuwaambii wachuma chai wapande ngazi. Kufungua fitingi ni kazi ya fundi wa umeme. Lakini kila mfanyakazi akijua jina la ugonjwa, hataambiwa kwamba "taa zote ndivyo zilivyo".

1. Ncha mbili zinang'aa, katikati giza. Stata imegandana. Ibadilishwe upesi, kwa sababu nyuzi zinaungua bure na tyubu itakufa.

2. Inawaka na kuzimika bila kutulia. Fundi aanze na stata, ambayo bei yake ni ndogo. Ikiendelea, tyubu imezeeka. Ncha zilizokuwa nyeusi ni alama ya uzee huo. Tyubu mpya ikigeuka nyeusi upesi, choki ni mbovu au si ya kipimo chake.

3. Haiwaki kabisa. Fundi aangalie fyuzi, kisha kama pini zimekaa vizuri katika holda, kisha stata, kisha tyubu, na mwisho choki.

4. Inavuma. Mara nyingi skrubu za choki zimelegea. Lakini ukisikia harufu ya kuungua, taa izimwe mara moja na fundi aitwe.

5. Inawaka kwa unyonge. Kabla ya kununua chochote, isafishwe. Vumbi na manyoya ya chai vinaziba mwanga, na vikirundikana juu ya choki yenye moto vinaweza kuleta hatari ya kuungua.

Kabla ya kazi yoyote, umeme uzimwe kwenye swichi kuu, si swichi ya ukutani peke yake. Fundi afunge swichi hiyo, ufunguo ukae mfukoni mwake, na kibao kiandikwe kwamba mtu yuko kazini. Kisha apime kwa testa. Sakafu zetu zina maji na umeme wetu ni volti 240, huo hausamehi. Ndani ya fitingi nyingi mna kapasita inayoweza kushika umeme hata baada ya kuzima. Kapasita za zamani, zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1980, baadhi zina mafuta ya sumu yaitwayo PCB. Ukiona mafuta yanachuruzika, usiyaguse kwa mkono mtupu.

Kubadilisha kuwa taa za LED

Viwanda vingi sasa vinatoa tyubu za zamani na kuweka za LED. Sisi hatupingi. Fitingi ya tyubu moja ya futi nne ya wati 36, pamoja na choki yake, inakula karibu wati 45. Tyubu ya LED ya wati 18 inaokoa wati 27. Taa 100 zinazowaka saa 10 kwa usiku zitaokoa yuniti 27 kila usiku. Hesabu hiyo mpelekeeni meneja, maana ni lugha anayoifahamu.

Lakini tuwe macho kwa mambo matatu. La kwanza, si LED zote zimetulia. Zile za ovyo nazo zinapiga mara 100 kwa sekunde, basi jaribio la penseli lifanywe kabla ya kununua nyingi. La pili, tusitazame wati tu. Tuulize inatoa lumeni ngapi, kwa maana wengine wanapunguza gharama kwa kutuachia giza. La tatu ni hatari zaidi. Baadhi ya LED zinakuja na stata yake maalum. Nyingine zinataka choki itolewe na waya zifungwe upya, umeme uingie moja kwa moja. Maagizo ya mtengenezaji yafuatwe, na kila fitingi iliyofungwa upya ibandikwe maandishi makubwa. Mtu wa zamu nyingine akitia humo tyubu ya zamani bila kujua, inaweza kupasuka au kuwaka moto.

Tyubu za zamani ziende wapi?

Zebaki ni sumu. Katika mkutano wa Mkataba wa Minamata uliofanyika Geneva mwaka 2023, mataifa yalikubaliana kukomesha utengenezaji na uingizaji wa tyubu hizi, nyingine ifikapo 2026 na nyingine 2027. Uganda imo katika mkataba huo. Kwa hiyo kutakuwa na marundo ya tyubu kuukuu. Zisivunjwe, zisitupwe shimoni, wala zisitiwe katika tanuri la boila. Ziwekwe nzima katika masanduku mahali palipofungwa, na mwajiri atafute njia halali ya kuziondoa. Tyubu ikivunjika, watu watoke, madirisha yafunguliwe kwa dakika 15 angalau. Msifagie kwa ufagio. Okoteni vipande kwa karatasi ngumu, futeni kwa kitambaa kibichi, vyote vitiwe katika chombo kinachofungika.

Msidhani tunatia chumvi. Marekani, katika miaka ya 1940, wafanyakazi wa viwanda vya taa hizi katika jimbo la Massachusetts waliugua mapafu, na wengine walikufa, kwa vumbi la beriliamu lililokuwa katika poda ya tyubu. Watengenezaji waliiacha poda hiyo mwaka 1949, baada ya watu kuzikwa.

Tudai nini?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri aweke mwanga wa kutosha na unaofaa mahali pa kazi. Kwa hiyo kila tawi lidai haya: taa zilizo juu ya mashine zinazozunguka zisiwe zote katika fezi moja ya umeme, bali zigawanywe katika fezi tatu, ili moja ikififia nyingine ing'ae; au ziwekwe taa zilizotulia. Stata na tyubu za akiba ziwepo stoo. Taa mbovu iandikwe katika kitabu, pamoja na tarehe, na nakala ibaki kwa mwakilishi wetu. Na kinga ya mashine ikitolewa, mashine isiwashwe.

Kitabu hicho ni silaha. Yule mwenzetu wa vidole viwili alisaidiwa na daftari la fundi, ambamo taa zile ziliandikwa kuwa mbovu wiki sita kabla ya ajali. Neno "uzembe" lilifutwa na fidia ikalipwa. Vidole havikurudi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Usiku wa leo ukiingia zamu, inua macho utazame taa iliyo juu yako. Ikipepesa, mwambie mwakilishi wako kabla ya kushika kazi.

Umoja ni nguvu.