Utangulizi: Kidole cha Aliyeungua

Msomaji wa Kasugho, Butembo au Beni hahitaji kuelezwa jinsi watu wanavyoungua: sufuria ya maji ya bugali imepinduka, mafuta ya mawese yameruka, petroli imeshika moto. Kinachosemwa mara chache ni yale yanayofuata. Kidonda cha moto kina maumivu yanayoshinda na kulala na mgonjwa, na mengine yanayopanda ghafla bandeji inapobanduliwa, kisha yakashuka. Dozi moja ya dawa kila baada ya saa sita haiwezi kufuata mwendo huo. Leo itapungua, kesho itazidi.

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti. Taaluma ya mgonjwa kujipimia dawa ya maumivu imejengwa juu ya hekima hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1960, daktari Philip Sechzer wa Marekani alijaribu mashine inayomsikiliza mgonjwa mwenyewe: anabonyeza kitufe, nayo inaingiza dawa kidogo mshipani. Siku hizi mtu mzima hupewa kwa kawaida miligramu 1 ya mofini kwa kila dozi, kisha mashine hiyo, yaani pampu, hujifunga kwa dakika 5 hadi 10, hata abonyeze mara mia. Kinga nyingine ni usingizi: aliyelemewa na dawa huacha kubonyeza. Ndiyo maana ndugu anayembonyezea kwa huruma anaweza kumuua.

Wanaoungua wana mitihani yao. Mwenye vidole vilivyofungwa bandeji atabonyezaje? Na siku ya kuosha kidonda, kitufe peke yake mara nyingi hakitoshi. Huongezwa ketamini, dawa inayofahamika vizuri katika vyumba vya upasuaji vya Afrika.

Pampu ni ghali na inataka umeme. Wazo lililo ndani yake, la kumsikiliza mgonjwa, halitaki umeme. Nchini Uganda, ng'ambo ya mpaka wa Beni, shirika la Hospice Africa Uganda limehudumia wagonjwa kwa mofini ya maji, ya kunywa, tangu 1993, na mwaka 2004 sheria iliwaruhusu wauguzi waliofunzwa kazi hiyo kuwaandikia wagonjwa mofini. Huko wagonjwa wengi walikuwa wa saratani na UKIMWI. Somo linamfaa pia aliyeungua.

Basi tuanze na yale yanayowezekana katika kituo cha afya cha kijijini: kumwomba mgonjwa ayapime maumivu yake kutoka 0 hadi 10, kumpa dawa ya kunywa mapema kabla ya kuosha, kulowesha bandeji na kumwacha aibandue mwenyewe. Na akisema "ngoja", mkono wa muuguzi usimame.