Picha Hii Ina Mwenyewe

Mtoto akiona embe chini ya mwembe wa jirani, ajua ya kuwa mti ule una mwenyewe. Lakini picha aionayo katika intaneti huidhani haina mtu, maana hapana ua wala bawabu. Sivyo. Aliyeipiga ana haki juu yake tangu alipoipiga, hata kama hakuandika jina lake pembeni. Na maandiko ni vivyo hivyo. Mwaka 1886 mataifa kadhaa yalipatana huko Bern, Uswisi, kila moja lizilinde kazi za watungaji wa mataifa mengine. Baadaye nchi nyingi sana ziliingia katika mapatano hayo. Kwa hiyo picha iliyopigwa Brazil ina mwenyewe hata ikionekana Kisumu.

Wengi hudhani ya kuwa kumtaja mpiga picha kwatosha. Kumtaja ni adabu njema, lakini si ruhusa. Yeye hula kwa kuuza picha zake. Ukiitia katika gazeti la shule bila kumwuliza, umechukua jasho lake. Mwandikie: picha ipi, itatumika wapi, kwa kazi gani. Akinyamaza, kimya chake si ndiyo.

Tena wako wakarimu. Tangu mwaka 2002 ziko leseni za Creative Commons, ambazo kwazo mwenye kazi hutoa ruhusa mapema kwa masharti: huyu ataka atajwe tu, yule akataza biashara, mwingine hataki ibadilishwe. Masharti hayo huandikwa kwa herufi ndogo chini ya picha.