Kutoka Kabati la Kadi hadi Mtandao: Elimu Mpya ya Mkutubi

Katika maktaba nyingi za Afrika ya Mashariki palikuwa na kabati la mbao lenye saraka ndogo ndogo, na katika baadhi ya maktaba kabati hilo lipo hadi leo. Ndani ya kila saraka zilipangwa kadi zenye upana wa sentimeta 12.5 na kimo cha sentimeta 7.5. Kila kitabu kiliandikiwa kadi tatu au zaidi: moja chini ya jina la mwandishi, ya pili chini ya jina la kitabu, na nyingine chini ya mada inayozungumzwa. Aliyezijua kadi hizo vyema alikuwa mkutubi, naye ndiye aliyemwongoza msomaji hadi kwenye rafu.

Siku hizi sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa kwa kompyuta zilizounganishwa kwa mtandao. Wako wanaodhani kwamba mabadiliko hayo yamemwondolea mkutubi kazi, kwa kuwa kila mtu aweza kuandika neno na kupata majibu papo hapo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwa nini dhana hiyo si sahihi, na kueleza mambo ambayo mkutubi aliyezoea kadi hana budi kujifunza. Mambo hayo humfaa pia mwalimu na mwanafunzi, kwani nao hutafuta maarifa kwa mashine zile zile.

Kadi zilivyoingia katika mashine

Katika miaka ya 1960 Henriette Avram, mtaalamu wa kompyuta katika Maktaba ya Bunge ya Marekani, aliongoza kazi ya kubuni utaratibu wa kuandika habari za kitabu kwa namna ambayo mashine ingeweza kuzisoma. Utaratibu huo huitwa MARC. Kila sehemu ya kadi ilipewa namba yake: 100 kwa jina la mwandishi, 245 kwa jina la kitabu, 650 kwa mada. Tarehe 26 Agosti 1971 maktaba ya Chuo Kikuu cha Ohio, katika mji wa Athens nchini Marekani, ikawa ya kwanza kuorodhesha vitabu kwa njia ya mtandao wa shirika la OCLC. Hata hivyo kadi hazikutoweka upesi. Shirika hilo hilo liliendelea kuzichapa na kuziuza, na kadi zake za mwisho zilichapwa tarehe 1 Oktoba 2015.

Chombo kingine kilichoenea ni Koha, programu ya kuendeshea maktaba iliyoanza kutumika New Zealand mwaka 2000. Neno koha katika lugha ya Kimaori maana yake ni zawadi, na programu hiyo hutolewa bila malipo. Mkutubi anayeifungua kwa mara ya kwanza hukuta humo mambo yale yale aliyokuwa akiyaandika katika kadi. Ugeni wa kweli hauko katika kuorodhesha bali katika kutafuta.

Swali la mwalimu

Chukulia mkutubi wa makamo katika mji ulio kando ya Ziwa Victoria. Amefanya kazi na kadi kwa miaka mingi, na kompyuta zenye mtandao zimeletwa maktabani karibuni tu. Asubuhi moja anafika mwalimu kijana wa biolojia.

“Shikamoo, mama,” asema mwalimu. “Natafuta maandishi juu ya kichocho hapa ziwani. Wanafunzi wangu huoga na kuchota maji ufukweni kila siku. Nataka niwaambie jambo la hakika, si la kusikia.”

“Marahaba, mwalimu. Keti, tutazame pamoja.”

Mkutubi anaandika neno kichocho katika hazina kubwa ya makala za tiba iliyoko mtandaoni, naye hapati kitu cha kumfaa mwalimu. Je, ni kwamba hakuna aliyeuchunguza ugonjwa huo? La hasha. Umechunguzwa kwa zaidi ya karne moja na nusu. Mwaka 1851 tabibu Mjerumani Theodor Bilharz aliwagundua minyoo wanaouleta, alipokuwa akifanya kazi Cairo, na kwa ajili yake ugonjwa ukaitwa bilharzia. Wanasayansi siku hizi huuita schistosomiasis, kutokana na Schistosoma, jina la minyoo wenyewe. Haya ni majina matatu ya ugonjwa mmoja. Mashine iliulizwa kwa jina moja tu, tena lile ambalo waandishi wa makala hizo hawalitumii.

Jinsi mashine inavyotafuta

Mwanafunzi aliyewahi kutumia faharasa iliyo mwishoni mwa kitabu tayari anaujua msingi wa jambo hili. Mashine haisomi makala zote kila inapoulizwa. Kabla ya hapo imekwisha kutengeneza faharasa kubwa, na ndani yake kila neno limeandikiwa namba za makala zote zenye neno hilo. Swali likija, mashine huliendea neno katika faharasa, huchukua namba, kisha huleta makala. Ndiyo maana hujibu kwa muda usiofika hata sekunde chache.

Lakini yafaa ifahamike kwamba msingi wa kazi hiyo ni kulinganisha herufi. Neno la Kiswahili kaa laweza kuwa mnyama wa pwani, kipande cha makaa, au kitendo cha kuketi. Katika faharasa ya namna hii yote matatu ni neno moja. Kinyume chake, kichocho na schistosomiasis, ambayo ni kitu kimoja, huwekwa mbali kana kwamba hayana uhusiano. Mashine za miaka ya karibuni hujaribu kukisia maana kwa kulinganisha maneno yanayotokea pamoja, lakini makisio hayo hutegemea wingi wa maandishi zilizofunzwa nayo, na maandishi ya Kiswahili katika mtandao ni machache mno yakilinganishwa na ya Kiingereza.

Wakutubi waliitambua shida hii tangu zamani. Dawa yao ilikuwa kuchagua jina moja rasmi kwa kila mada na kuyaelekeza majina mengine yote huko. Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ilianza mwaka 1960 kutoa orodha ya majina rasmi ya mada za tiba, na orodha hiyo hutumika hadi leo. Mtafutaji akiandika bilharziasis, orodha humpeleka kwenye schistosomiasis. Ila neno kichocho halimo katika orodha hiyo. Daraja kati ya neno la mwalimu na neno la hazina halikujengwa na mtu, na katika chumba kile mwenye uwezo wa kulijenga ni mkutubi.

Hesabu ya seti

Baada ya majina, mkutubi hujifunza kuyaunganisha. Hapa anasaidiwa na mwanahisabati Mwingereza George Boole, ambaye kitabu chake juu ya sheria za fikra kilitoka mwaka 1854. Vyombo vingi hutumia maneno matatu ya Kiingereza, AND, OR na NOT, yaani NA, AU na SIYO. Wanafunzi wa sekondari wanayafahamu katika somo la seti: AU ni muungano wa seti mbili, NA ni makutano yake, na SIYO huondoa sehemu ya seti.

Makala zenye neno schistosomiasis ziitwe seti A, zenye neno bilharzia ziitwe B, na zinazotaja Ziwa Victoria ziitwe C. Mwalimu anahitaji (A AU B) NA C. Mabano yakisahauliwa, mashine yaweza kusoma A AU (B NA C), na hapo italeta makala zote za schistosomiasis duniani, ziwe za ziwani au la. Neno SIYO nalo lahitaji tahadhari. Anayeandika “kichocho SIYO malaria” huenda akaitupa makala bora iliyoyachunguza magonjwa yote mawili katika kijiji kimoja.

Mkutubi atajuaje kwamba ametafuta vyema? Vipo vipimo viwili, vilivyopata umaarufu kutokana na majaribio yaliyoongozwa na Cyril Cleverdon huko Cranfield, Uingereza, katika miaka ya 1950 na 1960. Kipimo cha kwanza ni usahihi: kati ya makala zilizoletwa, ngapi zinafaa? Cha pili ni ukamilifu: kati ya makala zote zinazofaa, ngapi zimeletwa?

Mfano wa kubuni utalifafanua jambo hili. Tuseme hazina ina makala 20 zinazomfaa mwalimu. Utafutaji wa kwanza unaleta makala 4, nazo zote zinafaa. Usahihi ni 4 kwa 4, yaani asilimia 100, lakini ukamilifu ni 4 kwa 20, yaani asilimia 20 tu. Utafutaji wa pili, kwa maneno mapana mno, unaleta makala 90, na 18 kati yake zinafaa. Ukamilifu umepanda hadi asilimia 90, bali usahihi umeshuka hadi asilimia 20, na mwalimu atapoteza siku nzima akichambua. Utafutaji wa tatu, wenye majina yote ya ugonjwa pamoja na jina la ziwa, unaleta 24, na 16 zinafaa. Usahihi ni karibu asilimia 67 na ukamilifu ni asilimia 80. Aghalabu kipimo kimoja kikipanda kingine hushuka, na kazi ya mkutubi ni kutambua msomaji wake anahitaji kipi zaidi.

Ugumu wa Kiswahili

Vyombo vingi vya kutafutia vilitengenezwa kwa kufuata maumbile ya Kiingereza, ambamo maneno hubadilika zaidi mwishoni. Kwa sababu hiyo mtafutaji huruhusiwa kukata mwisho wa neno na kuweka alama ya nyota, ili mashine ilete maumbo yote yanayoanza vivyo hivyo. Katika Kiswahili mabadiliko mengi hutokea mwanzoni: mgonjwa, wagonjwa, ugonjwa, magonjwa. Nyota ya mwishoni haisaidii kitu hapa. Mkutubi hana budi kuyaandika maumbo yote na kuyaunganisha kwa AU.

Majina ya watu pia yana utata. Vitabu vya Shaaban Robert vyaweza kuorodheshwa chini ya herufi S katika maktaba moja na chini ya R katika nyingine, na wapo waandikao Shaban kwa a moja. Aliyezoea kuandika kadi za maelekezo, zile za “tazama” na “tazama pia”, huutambua utata huu mara moja.

Kupima kilichopatikana

Makala kuletwa mbele hakumaanishi kwamba ni ya kuaminiwa. Mkutubi wetu na mwalimu wanauliza maswali machache: nani ameandika, anafanya kazi wapi, makala ilipitiwa na wataalamu wengine kabla ya kutolewa, na ni ya mwaka gani? Swali la mwaka si dogo. Makala ya mwaka 1960 juu ya tiba ya kichocho yaweza kusifu dawa zenye antimoni, ambazo zilikuwa na madhara makubwa na zimekwisha kuachwa. Praziquantel, dawa itumikayo sasa, ilipatikana katika miaka ya 1970. Mwalimu asiyetazama tarehe angewafundisha wanafunzi tiba iliyokwisha kuachwa.

Tena makala nyingi nzuri huuzwa, na bei yake haifikiwi na shule. Hapa mkutubi mwenye elimu mpya hujua milango iliyo wazi. Mpango wa Hinari, ulioanza mwaka 2002 ukiongozwa na Shirika la Afya Duniani, huziwezesha taasisi za nchi zenye kipato kidogo kusoma majarida ya tiba bure au kwa malipo madogo. Orodha ya majarida huria iitwayo DOAJ, iliyoanzishwa mwaka 2003 katika Chuo Kikuu cha Lund nchini Sweden, huonyesha majarida ambayo mtu yeyote aweza kuyasoma bila kulipa.

Namna ya kujifunza

Mwaka 2006 maktaba ya umma ya Charlotte na Mecklenburg, katika jimbo la North Carolina nchini Marekani, iliwapa wafanyakazi wake mafunzo yaliyoandaliwa na Helene Blowers. Palikuwa na mambo 23 ya kufanya kwa majuma 9. Hawakukusanywa darasani kusikiliza mihadhara. Kila mmoja alikaa mbele ya mashine kwa wakati wake, akajaribu, akakosea, akarudia, kisha akaandika alichojifunza. Utaratibu huo uliigwa na maktaba za nchi nyingi. Baadhi ya vyombo vilivyofundishwa wakati ule havitumiki tena. Faida iliyobaki ni ile desturi ya kujaribu kitu kigeni bila woga, nayo humfaa mtu mzima aliyezoea kadi sawasawa na kijana.

Turudi kwa mwalimu wetu. Saa sita mchana anaondoka na makala chache zilizochambuliwa. Zinaeleza jinsi mayai ya minyoo yanavyofika majini kwa kinyesi cha binadamu, jinsi vijidudu vinavyokua ndani ya konokono wa majini, na jinsi vinavyotoka humo na kupenya ngozi ya anayeoga. Atakaporudi darasani ataweza kuwaeleza wanafunzi kwa nini choo na maji salama ni kinga, na kwa nini mtu aliyetibiwa huweza kuambukizwa tena akirudi majini.

Shule inaweza kulifanya zoezi hili hata kwa kompyuta moja. Mwalimu achague jambo moja la mahali pao, ugonjwa, mmea au samaki. Wanafunzi waorodheshe majina yake yote: ya Kiswahili, ya lugha za nyumbani, ya Kiingereza na ya kisayansi. Kila kundi litafute kwa jina moja na kuhesabu makala zinazofaa, kisha makundi yote yaunganishe majina kwa AU na kulinganisha hesabu. Orodha ya majina hayo ipelekwe kwa mkutubi wa maktaba iliyo karibu, ili anayefuata kuuliza kwa Kiswahili aikute tayari.