Askari wa Nahodha Evans

Riziki ya William Davies Evans ilikuwa baharini. Mtu huyu wa Wales alikuwa nahodha wa meli ya barua iliyopita kati ya Milford Haven na Waterford, Ireland. Sataranji aliicheza kwa mapenzi tu, akitoka kazini. Hata hivyo, katika miaka ya 1820 alibuni namna ya kuanza mchezo ambayo bado inaitwa kwa jina lake: Gambiti ya Evans.

Gambiti ni kumtolea mpinzani kete kwa makusudi, mchezo ukiwa bado mbichi. Neno lenyewe ni la Kitaliano, na maana yake ya asili ni kumpiga mtu mtama.

Tazama ubao. Kila upande umesogeza askari wa mbele ya mfalme, ukatoa farasi mmoja na askofu mmoja. Hatua ya nne, mweupe anamsukuma askari wake hadi b4, mdomoni kabisa mwa askofu mweusi. Askofu anamla. Papo hapo askari mwingine anasogea c3 na kumfukuza askofu yule, naye akikimbia zamu imempotea. Mweupe anaitumia nafasi hiyo kupeleka askari wa d katikati, na njia za malkia na askofu wake zinafunguka. Amelipa askari mmoja, amenunua muda. Na mfalme mweusi angali katikati ya ubao, hana kinga.

Evans alimfunga Alexander McDonnell jijini London kwa mtego huo. McDonnell naye akaujifunza, na mwaka 1834 akautumia dhidi ya Mfaransa La Bourdonnais katika mfululizo wao wa michezo 85.

Mchezo mtamu kuliko yote ya gambiti hii, hata hivyo, ni wa mwalimu wa hisabati, Adolf Anderssen, aliyecheza na Jean Dufresne jijini Berlin mwaka 1852. Malkia wa Dufresne alikuwa amebakiza hatua moja tu amfunge mfalme mweupe. Hatua hiyo hakuipata. Anderssen alitoa ngome, kisha katika hatua ya 21 akamtoa malkia wake mwenyewe; mfalme mweusi akamla na kutoka nje, maaskofu wawili wakamwandama, na hatua ya 24 akawa hana pa kukimbilia.

Baadaye mabingwa walipata dawa ya gambiti hii, ikawekwa kando kwa miaka mingi. Mwaka 1995, mjini Riga, Garry Kasparov alikaa mbele ya Viswanathan Anand, na katika hatua ya nne akamsukuma askari hadi b4. Anand alisalimu amri baada ya hatua 25.