Kompyuta ya Zamani Yaweza Kubeba Kompyuta Pepe, Muhimu ni Mgawanyo wa Kumbukumbu

Kwa mwanafunzi au fundi aliyeko Musoma, Bunda au Butiama mkoani Mara, kujifunza kusimamia seva hakulazimu kununua seva. Kompyuta ya zamani yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 inaweza kubeba kompyuta nyingine ndani yake, ilimradi kumbukumbu hiyo igawanywe kwa hesabu.

Kompyuta pepe ni kompyuta inayoundwa kwa programu. Huwa na mfumo endeshi wake, diski yake na anwani yake ya mtandao, lakini hutumia kichakataji na kumbukumbu za kompyuta mwenyeji. Mwanafunzi akiuharibu mfumo wa ndani, huufuta na kuanza upya bila kugusa nyaraka za wengine wanaotumia kompyuta hiyo.

Kikwazo kikubwa ni kumbukumbu. Kichakataji hutumiwa kwa zamu, ilhali sehemu kubwa ya kumbukumbu iliyokaliwa na mfumo mmoja haipatikani kwa mwingine. Kumbukumbu ikijaa, kompyuta huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski, ambayo ni ya polepole zaidi. Ndiyo maana anayeipa kompyuta pepe gigabaiti 3 kati ya 4, akidhani anaiongezea kasi, huishia kuzizorotesha zote mbili. Kanuni salama ni kumwachia mwenyeji angalau nusu.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kuwa uwezo wa kichakataji wa kuendesha kompyuta pepe umewashwa katika mipangilio ya BIOS, kwa kuwa mara nyingi huwa umezimwa. Programu ya VirtualBox, kuanzia toleo la 6.1 la mwaka 2019, haifanyi kazi bila uwezo huo.

Hatua ya pili ni kuchagua mfumo mwepesi kwa mwenyeji. Suala hili limepata uzito tangu Oktoba 14, 2025, Microsoft iliposhitisha huduma ya kawaida ya masasisho kwa Windows 10. Windows 11 huhitaji angalau gigabaiti 4 pamoja na kifaa cha usalama cha TPM 2.0, ambacho kompyuta nyingi za zamani hazina. Linux yenye mwonekano mwepesi ni mbadala usio na gharama ya leseni.

Hatua ya tatu ni kusakinisha ndani ya kompyuta pepe mfumo usio na madirisha, kama vile Debian au Alpine. Megabaiti 512 hadi gigabaiti 1 hutosha kwa mazoezi ya seva ya tovuti au hifadhidata ndogo.

Aidha, umeme unapokuwa si wa uhakika, inashauriwa kuhifadhi hali ya kompyuta pepe kila unaposimamisha kazi, na kuweka nakala ya faili lake kwenye diski nyingine. Hata hivyo, anayehitaji kuendesha kompyuta pepe kadhaa kwa pamoja hana budi kuongeza kumbukumbu kwanza.