Mgeni Katika Nyumba ya Watu



Sisi wa Kongowea, tukipita Kengeleni, twaikumbuka Freretown, kijiji cha watumwa waliokombolewa kilichoanzishwa mwaka 1875. Miongoni mwa watumishi wake walikuwamo William Jones na Ishmael Semler. Walitekwa wangali watoto, wakalelewa na kusomeshwa na wageni huko Nasik, India. Mwaka 1864 walitumwa Mombasa, na mwaka 1885 Askofu Hannington akawaweka kuwa mashemasi.

Hao hawakuchagua safari yao. Watoto wetu wanaosoma ng'ambo wamechagua, lakini nao hukaa katika nyumba za watu. Chakula hakina nazi, mzaha hawauelewi, usiku hulia kimya. Kisha siku moja mama mwenyeji humwita mmoja "mwanangu", naye hupata nguvu.

Basi tusiwaulize habari za mtihani tu; tuwaulize pia wanakula na nani. Na mwanafunzi mgeni akipanga chumba mtaani kwetu, tumwite mezani. Kutoka 23:9 yatukataza kumwonea mgeni, kwa kuwa ugeni twaujua.

Bwana awabariki. Amin.