Misuli Huvuta, Haisukumi

Siku ukichinja kuku usiharakishe kumtia chunguni. Chukua mguu wake, ukate pale unapopinda. Angalia vizuri. Ncha za mifupa zimefunikwa na kitu cheupe, laini, kinachong'aa. Hicho huitwa gegedu. Ukigusa, panateleza. Ule utelezi ni ute, na kazi yake ni kama ya grisi kwenye baiskeli. Mifupa yenyewe imefungwa pamoja kwa mikanda migumu ambayo kisu huikata kwa shida. Viungo vyako na vyangu vimejengwa vivyo hivyo.

Mtu mzima ana mifupa 206. Pale mfupa unapokutana na mwenzake ndipo panaitwa kiungo. Kiwiko hufanya kazi kama bawaba ya mlango, hukunja na kunyoosha. Bega ni tofauti. Kichwa cha mfupa wa mkono ni cha mviringo, nacho kimekaa katika kikombe kifupi. Ndiyo maana mkono huzunguka pande zote, na ndiyo maana bega huteguka upesi kuliko nyonga.

Lakini mfupa haujiendeshi, huvutwa na misuli. Misuli ni ile nyama nyekundu tunayonunua buchani. Mwilini mwa mtu iko zaidi ya 600. Imeshikamana na mifupa kwa kano, yaani kamba nyeupe zenye nguvu sana. Gusa nyuma ya mguu, juu ya kisigino. Ile kamba nene ni kano.

Sasa sikiliza jambo hili. Msuli unajua kuvuta tu. Kusukuma hauwezi. Basi mkono uliokunjwa unanyookaje? Umewaona wapasua mbao wawili na msumeno wao mrefu? Mmoja anavuta, mwenzake analegeza, halafu wanabadilishana. Shika mkono wako kati ya bega na kiwiko, kisha kunja kiwiko. Nyama ya mbele inavimba. Sasa kandamiza meza kwa kiganja. Nyama ya nyuma inakaza.

Na vidole je? Hapa darasani watu hubisha sana. Ndani ya vidole hamna msuli wa kuvikunja! Misuli mikubwa inayokunja vidole iko huku chini ya kiwiko. Kano zake ndefu hupita kwenye kifundo cha mkono, zikapita kiganjani, mpaka vidoleni. Shika hapo chini ya kiwiko, kisha chezesha vidole. Unaisikia?

Mama mmoja katika darasa langu la kisomo alijikata na mundu akivuna mpunga. Kidonda kilikuwa kidogo tu, upande wa kiganja, kwenye shina la kidole cha shahada. Alifunga kitambaa, akaendelea kuvuna. Mimi mwalimu wake nilikiona kile kitambaa, nikasema "pole mama", basi. Ngozi ikapona vizuri. Kidole kikabaki kimenyooka. Alipokuja kuniuliza mbona kalamu inamponyoka, miezi ilikuwa imepita. Ilimbidi aanze upya kujifunza kuandika, kwa mkono wa kushoto.

Kumbe kano ilikuwa imekatika. Kamba ya kisima ikikatika, kipande ulichokishika kinakuja na ndoo inabaki chini. Ndivyo ilivyokuwa. Msuli uliendelea kuvuta, ncha moja ya kano ikarudi nyuma, nyingine ikabaki kidoleni. Ncha zikiachana hivyo haziungani zenyewe. Daktari anaweza kuzishona, lakini inafaa iwe siku za mwanzo. Ukikawia, kazi inakuwa ngumu sana.

Kwa hiyo mtu akijikata mkononi kwa panga, mundu au chupa, kandamiza kidonda kwa kitambaa safi mpaka damu ikome. Kisha mwambie akunje vidole polepole, kimoja kimoja, halafu avinyooshe. Asilazimishe. Kama kidole kimoja hakitii, au kimekufa ganzi, aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni cha kuchekwa. Kidonda kirefu kiende hata kama vidole vyote vinatii, maana kano inaweza kuwa imekatika nusu. Na akifika huko aseme wazi: "Kidole hiki hakikunjiki." Asiposema, huenda akashonwa ngozi peke yake.